Mafungu ya Mzee Mbwana

Chubwi.

Ndivyo usemavyo moyo wa mbuzi ukitumbukia kwenye ndoo ya barafu ukiwa bado unapiga. Ini husema vingine, na utumbo hauna adabu, unapwata tu. Moyo husema chubwi, mara moja, kisha unanyamaza. Mzee Mbwana Mwinyikondo siku hizi hashiki ndoo hiyo tena, lakini jirani akitumbukiza kopo kwenye pipa la maji yeye huinua kidole na kusubiri, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpasuaji machinjioni Vingunguti. Mpasuaji si mchinjaji. Mchinjaji ana bismillahi yake na kisu chake, na watu humpisha njiani. Mpasuaji huja nyuma yake, hufungua tumbo, hutoa kilichomo, na akirudi nyumbani mkewe humwambia asiguse shuka. Hakuna mtoto wa Vingunguti aliyewahi kumwambia mwalimu kwamba akikua anataka kuwa mpasuaji.

Ila Mzee Mbwana alikuwa na heshima moja ambayo mchinjaji hakuwa nayo. Alikuwa mgawaji.

Kazi ikiisha, wapasuaji huachiwa vikorokoro: bandama, vipande vya mapafu, ncha za ini, mioyo midogo midogo. Humwagwa juu ya gunia, na Mzee Mbwana huvipanga mafungu. Kisha mtu mmoja huyapa mafungu mgongo, mwingine hugusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka hutaja jina bila kutazama: "La Bakari!" Basi ni la Bakari, na Bakari hana wa kumlaumu. Watu husifu mgongo wa yule aliyegeuka, wakidhani haki imo humo. Haimo. Imo mikononi mwa aliyepanga. Mafungu yakiwa sawa, hata kipofu atagawa kwa haki. Yakipishana, ule mgongo hauzuii dhuluma, unaibariki tu.

Mafungu ya Mzee Mbwana yalikuwa sawa kiasi kwamba paka wa machinjioni walikuwa wakisimama katikati, wanashindwa kuamua waibe lipi. Hilo ndilo lililokuwa jina lake duniani. Mali nyingine hakuwa nayo, isipokuwa goti la kushoto lililovimba, na mke aitwaye Mwanaasha, ambaye hajasifia kitu tangu siku ya harusi yao. Hata siku hiyo alisema pilau lina mchanga.

Goti ndilo lililomstaafisha. Akawa anakuja machinjioni asubuhi kukaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipanga mafungu na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Hapo juu ya ndoo ndipo Daktari Kokushubila alipomkuta.

Daktari alikuja na barua yenye mihuri mitatu na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, machinjioni. Mihuri ilimpitisha getini. Viatu havikumfikisha mbali. Alikuwa mtu wa Bukoba, wa makamo, mwenye shahada tatu na sauti ya upole, na alitaka mioyo ya mbuzi.

"Kilo ngapi?" aliuliza Bakari mpasuaji.

Hakutaka kilo. Alitaka moyo mmoja kila siku, utolewe kabla ya dakika moja na nusu kupita tangu kisu kifanye kazi yake, mshipa mkubwa ubaki na urefu wa kidole, utiwe kwenye barafu na ufike Ubungo kabla haujasahau kwamba ulikuwa hai.

"Sista," Bakari alisema, "wewe unataka supu au unataka maajabu?"

Wapasuaji watatu walijaribu. Wa kwanza alikata mshipa mfupi. Wa pili aliuosha kwanza kwa maji ya bomba, kwa sababu mama yake alimfundisha usafi. Wa tatu alifanya vizuri sana, kwa dakika sita. Mzee Mbwana aliwatazama wote mpaka uvumilivu ukamwisha. Akainuka na goti lake, akaomba kisu, na daktari alipofika sabini katika kuhesabu, ndoo ikasema chubwi.

Wiki hiyo hiyo akapewa mkataba. Uliandikwa "Msaidizi wa Utafiti, Daraja la Pili." Daraja la kwanza halikuwa na mtu, ila nadhani ilionekana si busara kumpa mzee wa Vingunguti kitu atakachokizoea.

"Umechoka kuwatoa roho," Mwanaasha alisema alipousoma, "sasa unaenda kuwarudishia?"

Hakujua alivyokuwa amesema kweli.

Maabara ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la vyombo vya plastiki, dirisha likitazama barabara ya mwendokasi. Siku ya kwanza Mzee Mbwana alifika na ndoo yake kwa bodaboda, kupitia Tabata, akiwa ameikumbatia kama mtu aliyebeba mchuzi. Daktari aliutoa moyo, akauvalisha kwenye mrija wa kioo, akafungulia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sukari na hewa. Moyo ukaning'inia pale, mdogo, wa kijivu, kama kitu kilichosahauliwa kwenye msumari. Kisha ukatikisika. Kisha ukapiga.

Miaka thelathini na moja ameitoa mioyo. Hajawahi kuona hata mmoja ukirudi kazini.

"Subhanallah," alisema, akaomba kiti.

Tangu siku hiyo kila moyo aliuita "mgonjwa," na daktari hakumsahihisha.

"Sasa baba, hapa nabana," daktari alisema, akiweka kibanio kwenye mpira wa maji. "Nusu saa hakiingii kitu. Ndivyo mshipa wa moyo wa mtu unavyoziba."

"Atakufa."

"Sehemu yake. Halafu nafungua."

"Atapona."

"Hapana. Hapo ndipo sehemu nyingine inapokufa."

Mzee Mbwana alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma kupita kiasi.

Daktari akamweleza polepole. Damu ikikatika, nyama ya moyo inadhoofika, inasahau namna ya kupokea. Ikirudi ghafla, pamoja na hewa yake yote, nyama haina nguvu ya kuihimili. Inavimba, inaungua kwa ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kuzibuliwa mshipa kwa wakati, madaktari wakapeana mikono, na moyo wake ukaharibika kwa sababu ile ile ya kuzibuliwa. Yeye alikuwa na dawa. Ukiipenyeza wakati ule ule wa kufungua, huenda damu ikarudi bila kudhuru. Huenda. Ndilo lililokuwa likitafutwa.

"Aa," Mzee Mbwana alisema. "Futari."

"Futari?"

"Mtu kashinda na njaa tangu alfajiri. Adhana inalia, anavamia mihogo ya nazi na samaki. Nusu saa baadaye yuko chini kashika tumbo, anaita mama yake. Njaa haijamuua siku nzima, chakula ndicho kinataka kumuua. Ndo maana sie tunaanza na tende, halafu uji, halafu ndo hiyo mihogo." Akanyoosha kidole kwenye chupa. "Hii dawa yako ni tende."

Daktari aliandika jambo hilo kwenye daftari. Baadaye alilisema kwenye mkutano Arusha, watu wakapiga makofi. Mwenye tende hakutajwa, lakini aliletewa kalamu ya mkutano.

Siku moja tu daktari alieleza kwa nini anajisumbua hivyo. Alikuwa dirishani, amempa mgongo. Baba yake alipata shambulio la moyo. Wakamzibua mshipa, vizuri kabisa, picha zote zilionyesha.

"Damu ikarudi," alisema. "Yeye akaondoka."

Mzee Mbwana alikwenda kuosha ndoo ambayo tayari ilikuwa safi.

Baada ya miezi kadhaa ya majaribio, utafiti wenyewe ulianza, nao ulihitaji wagonjwa sitini. Kulikuwa na chupa mbili, moja ya kifuniko cha njano, nyingine cheupe. Moja ilikuwa na dawa, nyingine maji ya chumvi tu, na ipi ni ipi iliandikwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa kabatini. Karatasi aliyokabidhiwa Mzee Mbwana ilipanga: mgonjwa huyu wa njano, yule wa nyeupe. Mzee Mbwana, mwenye mkono usiotetemeka, ndiye angevuta mistari kumi kwa bomba la sindano na kuipenyeza kwenye mpira pale kibanio kinapofunguliwa. Daktari hakutakiwa kuona ni chupa ipi, macho yake yasije yakampendelea mgonjwa. Hivyo akatundika pazia la maua kutoka nyumbani kwake, akakaa nyuma yake na kompyuta iliyochora mistari ya mapigo. Mtu mwenye shahada tatu, nyuma ya maua ya zambarau, akijitahidi kwa akili yake yote kutojua.

Wengine wangecheka. Mzee Mbwana alielewa palepale.

"Hii mie naijua, daktari. Wewe unageuka, mie napanga."

"Hasa!" daktari alisema, kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Hasa kabisa, baba!"

Laiti angeuliza anapanga nini.

Wagonjwa kumi na mmoja wa kwanza walihudumiwa kama karatasi ilivyosema. Mzee Mbwana hakuhitaji bahasha. Mtu aliyeshika mioyo miaka thelathini na moja haambiwi na gundi. Wa njano walikuwa wakirudi kwa kusitasita, pigo moja, mawili, kisha wakaendelea kama fundi aliyetoka kunywa chai. Wa nyeupe walivimba, wakatapatapa kama samaki kwenye beseni, na wengine wakanyamaza kabla saa haijaisha. Baadaye wote walikatwa vipande na kutiwa rangi. Nyama iliyo hai iligeuka nyekundu, iliyokufa ikabaki imepauka. Wa nyeupe walikuwa wamepauka mpaka huruma.

Hakuwaonea huruma kwa kuwa ni mbuzi. Mbuzi amewala sana, na angali anawala. Kilichomkera ni mafungu. Hapa pana mtu amegeuka, amempa mgongo kwa imani, na nyuma ya mgongo huo pana fungu nono na fungu la mifupa. Hiyo haikuwa kazi yake. Mpumbavu yeyote angeweza kuifanya, na machinjioni angepigwa.

Mgonjwa wa kumi na mbili aliangukia siku ya kwanza ya Ramadhani. Karatasi ilisema nyeupe. Mzee Mbwana, mwenye swaumu, midomo imekauka, alisikiliza daktari akihesabu nyuma ya maua: "Dakika ishirini na tisa, baba... jiandae." Akavuta mistari mitano ya njano. Akavuta mitano ya nyeupe. Akaitazama sindano kwenye mwanga wa dirisha. Sawa kabisa.

"Bismillahi," alisema, akafungua.

Mgonjwa akasitasita, akapiga. Si kwa nguvu za wa njano, lakini akapiga.

Kesho yake mgonjwa alikuwa wa njano. Naye akapata mitano na mitano, kwa sababu haki si kumwongezea maskini tu, lazima tajiri naye apunguziwe. Na wa keshokutwa vivyo hivyo. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, mvua za masika zikajaza mitaro ya Manzese na kukauka, na Mzee Mbwana akaendelea kupanga mafungu hadi mgonjwa wa sitini, bila kukosea hata mstari mmoja. Tangu aanze kazi duniani hakuwahi kugawa vizuri namna ile.

Siku ya bahasha, daktari alimwita. Alikata gundi kwa wembe, akasoma, akaanza kujumlisha kwenye kompyuta. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu alivua miwani.

"Baba," alisema taratibu, "tangu nianze utafiti sijawahi kuona usawa kama huu."

Mzee Mbwana aliinamisha kichwa. Mazoea ya miaka thelathini na moja yalimtoka mdomoni kabla hajayazuia.

"Asante," alisema.

Daktari alimtazama. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kuliweka. "Si sifa, baba. Njano ndiyo dawa. Nyeupe ni maji ya chumvi. Wale wachache wa mwanzo walipishana, nikapata matumaini. Lakini ukiwachukua wote, waliopewa dawa na waliopewa chumvi ni sawa. Maana yake dawa si kitu. Ni chumvi ya bei mbaya."

"Si kitu?"

"Si kitu. Kesho saa sita mchana napeleka barua kwa wafadhili. Watafunga, na hakuna atakayeigusa tena."

Mzee Mbwana alikaa. Daktari alidhani ni goti.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, alimsimulia Mwanaasha yote, wakiwa kibarazani, yeye akichambua mchele. Mwanaasha hakuinua uso mpaka mwisho.

"Sasa wewe uligawa haki ya nani?"

"Ya wagonjwa."

"Wagonjwa gani? Mbuzi ambao nyama zao zilishaliwa Buguruni?" Alitupa punje mbovu. "Yule mama kakupa mgongo ili aone nani anazidi. Sio wapate sawa. Alitaka wapishane!"

"Nimeshajua."

"Umejua leo?"

"Nimejua leo."

Mwanaasha akaendelea kuchambua. Mwendesha bodaboda alipita, akapaza sauti: "Shikamoo Daktari Moyo!" Mzee Mbwana akaitikia bila kutazama.

"Na hiyo dawa inafanya kazi?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Nusu fungu tu, na watu wanapiga."

"Na zaidi yako nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi tatizo liko wapi? Nyamaza. Ukisema, kuanzia kesho machinjio nzima itajua Mbwana mgawaji kaharibu kazi ya watu kwa kugawa. Nyamaza, ufe na jina lako zuri. Tutakuandikia kwenye sanda." Akainuka na ungo wake. "Na baba wa mwingine akija kuzibuliwa mshipa, naye atakufa na jina lake zuri."

Alivyokuwa Mwanaasha, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya upole.

Asubuhi Mzee Mbwana hakupitia machinjioni. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alipanda bodaboda mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi, akaiweka magotini kama mtu anayekwenda kuposa. Alipanda ghorofa tatu akipumzika kila ngazi ya tano. Duka la chini walikuwa wakipanga mabeseni kwa ukubwa, na alisimama kuwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Daktari Kokushubila alikuwa akifunga mirija ya kioo kwa magazeti ya zamani, mmoja mmoja, kama anayewavalisha watoto.

"Shikamoo baba. Leo hakuna mgonjwa, ungelala."

"Marahaba, daktari."

"Mkataba wako nimewaombea umalizie mwezi. Umefanya kazi nzuri. Kama wote wangekuwa makini kama wewe..." Alikaa kwenye kompyuta, barua ikiwa imefunguka mbele yake, akaisoma kwa sauti kama mtu anayejiadhibu: "Dawa haikuonyesha tofauti yoyote na maji ya chumvi. Tunapendekeza isiendelee." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado saa nzima na robo, lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe. "Unajua baba, nilikuwa na hakika. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilikuwa na hakika kabisa."

Pazia la maua lilikuwa bado limetundikwa. Mzee Mbwana alilitazama. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema akimwangalia mwenzake usoni, na machinjioni kuna njia ya hilo tangu zamani. Aliburuta kiti mpaka nyuma ya pazia, akaketi, akakipa mgongo chumba kizima, akautazama ukuta.

"Baba? Unafanya nini huko?"

"Naomba usiibonyeze kwanza."

"Kwa nini?"

Chini basi la mwendokasi lilipita, vioo vikatetemeka, ikabidi asubiri mpaka lipite. Na hata lilipopita hakupaza sauti. Aliishusha, ikawa ndogo kama ya mtu anayetaja jina akiwa amegeuka, akiogopa fungu litakalomwangukia.

"Kuanzia yule wa kumi na mbili, daktari, niliwapa wote."